Taa ya Pili Kutoka Kushoto

Kibomet, Kitale
12 Januari 2025

Baba,

Nimefika salama. Chumba nimekikuta kama nilivyokiacha, ila panya wamekula sabuni yangu yote, sijui wanajiandalia harusi gani. Barua hii nampa Fridah, ambaye ameleta mahindi sokoni leo na anarudi Tongaren jioni. Ameahidi kukupitishia pale kwenye mashine ya kusaga kabla hajafika kwake.

Najua baba mdogo Kemboi atacheka, ati msichana anasomea mambo ya mtandao halafu anaandika kwa kalamu. Mwache acheke. Tangu ile mashine ilipoliziba sikio lako la kushoto, kwenye simu unasikia nusu na nusu nyingine unaijaza mwenyewe. Na ujumbe wa simu ulishaukataa, ukasema ni wa watu wenye vidole vyembamba. Basi barua.

Asante kwa kukubali kisanduku changu kikae stooni kwako, chini ya antena niliyofunga kwenye mlingoti unaopita juu ya mabati ya mashine. Siku ile nilikueleza nikiwa juu ya ngazi, kwa hivyo nirudie taratibu. Kisanduku kinapokea ujumbe kutoka zahanati na shule ya msingi, kinautuma Kitale, na majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Ujumbe hauendi mzima. Unakatwa vipande vidogo, sisi tunaviita pakiti, kila kipande na anwani yake na namba yake, na anayepokea hurudisha neno kwamba amepata. Neno lisiporudi, mtumaji hutuma tena. Madam Avneet, mwalimu wetu, wa ile familia ya Kalasinga wenye duka la vipuri hapa mjini, husema mtandao wote ni adabu tu, ukiitwa unaitika.

Sasa sikia jambo lenyewe. Kompyuta ya Madam hapa chuoni inakiita kisanduku chetu mchana na usiku. Inauliza, "Upo?" Nacho kinajibu, "Nipo." Kikijibu vizuri mpaka shule zifungwe mwezi wa nne, nimepita, na ile nafasi ya kwenda kujifunza kazi kwa mafundi wa antena ni yangu. Kikinyamaza mara kwa mara, narudia somo mwaka mzima na nafasi inapewa mtu mwingine.

Kwa hivyo Baba, sina maagizo mengi. Kitunze kama ulivyokuwa ukiitunza mashine.

Mtoto wako,
Linah


Tongaren
24 Januari 2025

Linah binti yangu,

Barua yako imefika ikiwa na mafuta ya mandazi ya Fridah kwenye kona, lakini maneno yote yalisomeka.

Umesema nikitunze kama mashine, nami nimekuelewa. Kiti changu nimekihamishia stooni. Kemboi anasema natazama televisheni isiyo na picha. Yeye hajui. Tangu nimwachie mashine nilikuwa nakaa kivulini nikitazama kuku, na kuku hawana mambo mengi. Sasa nikiamka najua naenda wapi.

Kisanduku kina taa tano. Ya kwanza kushoto imetulia tu, kijani. Ya tatu hucheza asubuhi, na nimegundua ni Beth wa zahanati, kwa sababu nikiona inacheza nachungulia dirishani na namwona ameinama kwenye kompyuta yake. Ya nne ni shule. Ya tano haijawahi kuwaka, labda ni ya wageni. Ila hii ya pili sijaielewa. Inapepesa kidogo, inaacha, inapepesa tena, hata Jumapili wakati zahanati na shule zimefungwa na hakuna mtu anayefanya lolote. Ni nani huyo? Uniambie.

Jua la Januari unalijua. Ikifika saa nane mabati yanawaka, na nikikigusa kisanduku nakikuta kina joto kama sahani ya ugali. Nakipumzisha mpaka jua lilegee, vile tulivyokuwa tukiipumzisha mashine, kisha nakiamsha. Hakijalalamika. Mashine niliyoitunza hivyo ilisaga tangu hujazaliwa na haijawahi kuungua, wakati ile ya sokoni wamebadilisha mota mpaka wamechoka.

Ng'ombe mweupe amezaa, ndama jike. Nimemwita Pakiti, kwa heshima yako.

Kuna jambo lingine dogo. Sikio la kulia nalo limeanza kujifunga. Asubuhi jogoo namwona akifungua mdomo tu. Sijamwambia Kemboi. Nimeona nikwambie wewe kwanza.

Baba yako,
Kipkosgei


Kibomet
8 Februari 2025

Baba,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mbio mbio, nitakujibu vizuri nikitulia. Nimecheka sana na jina la ndama.

Hapa mambo si mazuri. Madam ana mchoro unaoonyesha kisanduku kilipojibu na kiliponyamaza. Wa wenzangu umenyooka. Wangu una shimo karibu kila mchana. Asubuhi kinaitika, mchana kimya kabisa, jioni kinaitika tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimepekua vitabu. Nimekaa na nyaya nilizokata mwenyewe, nikazifunga upya moja moja kwenye meza ya chuo, na sioni kosa. Chemutai, ninayesoma naye, anasema huenda ni waya unaoshuka kutoka kwenye antena. Ukipata joto unalegea, ukipoa unarudi.

Naomba unitazamie ule mlingoti wa antena. Kuna ng'ombe anayejikuna hapo mchana? Waya umeguswa na mtu? Uniandikie upesi, Fridah atarudi huku Jumatano.

Linah


Tongaren
17 Februari 2025

Linah,

Nimekwenda kuutazama mlingoti kabla sijamaliza chai. Umesimama vizuri. Waya haujaguswa. Mama yake Pakiti alikuwa akijikuna hapo, hiyo ni kweli, kwa hivyo nimemhamishia upande wa mkuyu na mlingoti nimeuzungushia miiba. Sasa hata kuku hasogei.

Kusikia kwamba kinanyamaza kumenitia wasiwasi. Nimekaa nikawaza. Mashine ikianza kukwamakwama maana yake imechoka, na ukiilazimisha unaiua. Kwa hivyo nimekiongezea ule muda wake wa mchana, kama nilivyokueleza. Wewe soma kwa amani, huku kuna mtu.

Siku hizi watu wananiandikia kwa chaki kwenye mlango wa mashine, pale tulipokuwa tukiandika kilo za wateja. Fridah ameandika leo, "Mzee, barua iko?" Mwandiko wake si mbaya. Beth naye huniandikia nyuma ya kadi za dawa. Ni watu wazuri hawa.

Lile jambo lingine nililokuandikia usijisumbue nalo, linaweza kungoja. Bado sijajua ile taa ya pili ni ya nani.

Baba yako,
Kipkosgei


Kibomet
4 Machi 2025

Baba,

Yale mashimo sasa yamekuwa makubwa zaidi. Tangu katikati ya Februari kisanduku kinanyamaza mchana wote. Madam ameniita ofisini akaniambia kwa upole kwamba nikiendelea hivi nitarudia somo. Upole wake ulinichoma kuliko kama angenifokea. Nilitoka nikakaa nje kwenye ngazi za chuo, nikalia, nakuambia tu.

Halafu nikawaza juu ya mashine. Mchana ndio wateja wanajaa. Kemboi akiiwasha inavuta stima kwa nguvu, na kisanduku kikibaki na stima hafifu kinazima. Si kosa la mtu. Nimempigia Kemboi na kumwomba akitoe hapo stooni, akipeleke zahanati, avute waya mrefu kutoka kwenye antena. Nilimpigia yeye kwa sababu ni jambo la haraka, na yeye anashika simu. Usione vibaya. Ni mambo ya stima tu.

Fridah hajaonekana sokoni, nasikia mtoto wake ana homa. Barua hii itakaa kwangu mpaka aje.

Linah


Tongaren
6 Machi 2025

Linah,

Sijapata barua kutoka kwako, lakini naandika. Beth ana safari ya Kitale kuchukua dawa, atakuletea hii.

Jana Kemboi aliingia stooni, akachomoa kisanduku mbele yangu, akakitia kwenye kikapu. Nilimuuliza kuna nini. Akachukua chaki akaandika mlangoni, "Linah amesema." Wateja walikuwepo, walisoma wote.

Nimeshughulika na mashine umri wangu wote wa utu uzima. Najua mtu akiondolewa kwenye mashine inakuwaje, kwa sababu mimi mwenyewe nimewaondoa vijana waliokuwa wazembe. Lakini nilikuwa nikiwaambia wamekosa nini kwanza. Kama kukizima mchana ili kipumzike lilikuwa kosa, nilikuandikia tangu Januari. Hukukataa. Niliona umenyamaza, nikajua umekubali.

Sijakasirika, Linah. Nimeumia, na ni afadhali ujue. Kile kiti bado kiko stooni, mbele ya ukuta.

Kipkosgei


Kibomet
13 Machi 2025

Baba,

Beth alinipa barua yako mlangoni, nikaisoma nimesimama. Nilipofika pale uliposema kukizima mchana, niliketi chini.

Nilitoa barua zako zote nikazisoma upya, safari hii kama mtu anayetaka kujua baba yake amesema nini, si kama mtu anayetafuta waya uliolegea. Yote ulikuwa umeniambia. Uliniambia mapema kabisa na kwa maneno yaliyo wazi, nami nikaruka mistari nikacheka jina la ndama.

Nilikwenda kwa Madam Avneet siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshampelekea ripoti inayosema tatizo ni stima ya mashine, na mchoro ulikuwa umenyooka tangu kisanduku kihamie zahanati, kwa hivyo alikuwa ameniamini. Nilimwambia ripoti ile si kweli. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, halafu akaniuliza:

"Siku uliyomwachia, ulimwambia nini hasa?"

Nikamwambia: akitunze kama mashine yake.

"Basi alifanya ulichomwambia," akasema. "Na akakuarifu."

Baba, kisanduku hakichoki. Kimeundwa kiwe macho mchana na usiku, hilo joto ni la kawaida kwake, na kukizima ni kukiziba mdomo wakati Kitale inakiita. Ni mimi niliyetakiwa kukuambia haya siku ile nikiwa juu ya ngazi. Sikukuambia kwa sababu kwangu lilikuwa wazi mno, na kwako kuipumzisha mashine lilikuwa wazi mno, basi kila mmoja akadhani mwenzake anajua. Kemboi nimempigia kumwomba radhi kwa kuisingizia mashine yake. Bado ananuna. Amesema, "Mimi si nilitumwa tu? Sasa ati mbaya ni mimi bana."

Madam amekubali ripoti mpya. Mashimo ya nyuma yatabaki kwenye hesabu yangu, hayo hayafutiki. Kuanzia sasa mpaka shule zifungwe kisanduku kikinyamaza tena, nimeanguka.

Sasa nisikilize. Nimemwambia Kemboi akirudishe stooni kwako. Aliniuliza kama nina hakika, maana kule zahanati kinafanya kazi sawa. Sitakudanganya, ni kweli kinafanya kazi sawa. Ule waya mrefu unakatiza njia ya watu, hiyo ni sababu moja, lakini si hiyo inayonisukuma. Nilikupa kazi, kisha nikakunyang'anya mbele ya wateja bila kukuuliza. Nakuomba uishike tena. Maagizo kamili safari hii ni haya: usikizime kamwe. Jua likiwa kali fungua dirisha. Taa ya kwanza ikizimika, mtume mtu anipigie hapo hapo.

Na sasa majibu yako, ambayo yamechelewa.

Mama yake Pakiti amefanya vizuri, na kumhamisha ulifanya vizuri. Taa ya tano ni ya wageni kweli, hukukosea, ni tundu ambalo halijaunganishwa na kitu. Taa ya pili ni sisi. Ni Kitale. Kila inapopepesa ni huku tumeuliza, "Upo?" na kisanduku kimejibu.

Na sikio. Uliniambia mimi kwanza, nami sikukuambia hata pole. Nimelia juu ya sentensi hiyo kuliko juu ya somo. Haliwezi kungoja, Baba. Nimezungumza na dada Jepkorir aliyeko Bungoma, ametuandikisha kwa daktari wa masikio tarehe ishirini na saba. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Utavaa koti la bluu, lile jeusi lina unga kwenye mishono.

Nimepata barua zako zote, Baba. Zote.

Mtoto wako,
Linah


Tongaren
20 Machi 2025

Linah binti yangu,

Kemboi amekirudisha. Alikiweka mahali pake, kisha akafuta yale maneno ya mlangoni kwa mkono wa shati lake. Hakuandika kitu kingine, na mimi sikumdai. Jioni tulikula pamoja.

Sikujua hakichoki. Ni chombo cha ajabu. Mtu asiyechoka ningemwogopa.

Nakuambia ukweli, jana jua lilikuwa kali ajabu, mabati yanalia. Hilo nalihisi kwa kiganja siku hizi. Saa nane ilipofika mkono wangu ulikwenda kwenye swichi wenyewe, bila mimi kuutuma. Nikaukalia. Nilikaa hivyo mpaka jua likalegea, dirisha wazi, na Fridah aliyepita akaniuliza kwa chaki kama nimeumia. Nikamwambia niko kazini.

Tarehe ishirini na saba nitakuwa tayari na koti la bluu. Moyo wangu umetulia sasa kwa kuwa unajua. Kulibeba peke yangu kulikuwa kunanichosha, ingawa mbele ya kuku nilijifanya shujaa.

Baba yako,
Kipkosgei


Tongaren
13 Aprili 2025

Linah,

Barua yako ya juzi, fupi kuliko zote, imefika. Umepita. Kwamba alama si zile ulizozitaka nimelisoma pia, na kwamba mafundi wa antena wamekukubali nimelisoma mara nyingi zaidi. Nilimwonyesha Kemboi. Alizima mashine katikati ya gunia la mteja ili aisome vizuri, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote. Beth amekuletea pongezi, ziko nyuma ya kadi hii ya dawa niliyoitia humu.

Sikio la kushoto, kama daktari alivyotuambia pale Bungoma, limekwenda. La kulia, nikivaa kile kidude cha sikio alichonipa, nasikia mlango, nasikia sufuria likianguka, na jana nilimsikia jogoo kwa mbali kama yuko kwa jirani. Watu wakisema bado naona midomo tu. Nimekubali. Chaki iko, na kalamu iko, na wewe unaandika vizuri kuliko unavyoongea.

Mvua imeanza. Tumepanda upande wa chini wote. Pakiti anakula majani sasa.

Umeandika kwamba Madam Avneet amefunga hesabu yake tangu shule zilipofungwa na kompyuta yake haikiiti tena kisanduku chetu. Nilipolisoma hilo nilikaa kwenye kiti nikakitazama, nikijua ile taa ya pili imekufa. Leo ni Jumapili. Zahanati imefungwa. Shule imefungwa. Ya tatu imelala, ya nne imelala.

Ya pili inapepesa. Imepepesa asubuhi nilipoamka, imepepesa nilipotoka kanisani, na imepepesa sasa hivi nikiandika mstari huu. Hukuniambia ni nani anayekiita sasa, lakini Kitale simjui mtu mwingine ila wewe.

Nipo.

Baba yako,
Kipkosgei